Kifaranga na Meli Sita

Mchunga hahesabu fisi, huhesabu mbuzi.

Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia leo, pale mgeni wa heshima aliposimama kumuaga mkunga wetu Saru, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minne katika zahanati yetu. Mlipiga makofi kama watu wote, lakini niliwaona mkitazamana. Na sasa mmenifuata huku penye masufuria, mikono imejaa povu la sabuni, mnaniuliza: "Bibi, mkunga na fisi wapi na wapi? Methali hii si ya wachungaji wa zamani?"

Maneno ni ya mchungaji, hilo ni kweli. Lakini hayakusemwa malishoni. Yalisemwa gatini Kilindini, Mombasa, mbele ya manowari mbili zilizotoka vitani, na aliyeyasema alikuwa mjomba wangu Mwasaru, kaka yake mama. Mimi niliyapata kinywani mwake, tena si mara moja. Nyinyi sugueni masufuria, nami nitawaeleza yalivyozaliwa.

Mwasaru alikuwa mtu wa Sagalla, na mpaka anatimiza miaka ishirini na miwili hakuwa ameona maji makubwa kuliko bwawa la kunyweshea mifugo. Kazi yake ilikuwa mbuzi wa baba yake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alishuka Mombasa na vijana wenzake kujiandikisha jeshini. Walikuta foleni mbili. Moja ilizunguka jengo mpaka nyuma, nyingine ilikuwa fupi. Jua lilikuwa kali, Mwasaru akasimama kwenye fupi. Alipofika mezani akaandikwa jina, akapewa kofia nyeupe, akaambiwa yeye sasa ni baharia. Wenzake waliokuwa kwenye foleni ndefu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Niliogopa kurudi nyuma," alikuwa akituambia. "Mtu akishavishwa kofia, anaivuaje mbele ya watu?"

Wiki mbili za kwanza alitapika. Wiki ya tatu akazoea. Na mabwana wa chombo wakagundua kwamba kijana huyu ana macho ya ajabu, yaliyozoea kutafuta mbuzi mmoja mweupe kati ya mawe meupe kilima cha pili. Wakamweka juu ya mlingoti, awe mwangalizi.

Meli yenyewe ilikuwa manowari ndogo ya kusindikiza misafara. Ilikuwa na mzinga mmoja mkubwa mbele, bunduki kadhaa za rashasha, na nyuma yake mapipa yaliyojazwa baruti, ya kutupwa majini yakalipuke kule chini zinakojificha nyambizi. Ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini mabaharia waliiita Kifaranga, kwa kuwa ilipenda kuonekana pembeni mwa manowari kubwa kama kifaranga ubavuni mwa kuku.

Nahodha wake alikuwa Mwingereza mwenye miaka ishirini na sita, nywele nyekundu, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini cha kueleweka. Mabaharia walimpa jina la Bwana Haraka. Alikula haraka, alitembea haraka, na alikuwa na haraka moja kubwa kuliko zote, kuzamisha chombo cha adui. Miaka miwili baharini, Kifaranga haikuwa imezamisha kitu. Na jambo hilo lilimla ndani kwa ndani, kwa sababu kila walipotia nanga walilala kando ya ile manowari kubwa waliyoiita Bwana Mkubwa, yenye bomba la moshi lililochorwa pete nne nyeupe. Kila pete ilikuwa meli moja ya adui iliyokwenda chini.

Katika Bwana Mkubwa alikuwamo mpiga mzinga mmoja wa Kaloleni, Karisa Dzombo, mtu wa mzaha asiyejua kunyamaza. Alikuwa akija ukingoni mwa meli yao na kuwaita wa Kifaranga.

"Enyi vifaranga! Leo mmeua nini?"

"Hatujaua," wanamjibu.

"Hata kombamwiko wa jikoni?"

Basi watu wanacheka, na serahangi Shekuwe, mzee wa Pate aliyewasimamia mabaharia wa Kifaranga, anatema mate baharini na kuondoka zake.

Mwaka wa mwisho wa vita, manowari hizi mbili zilipewa kazi ya kusindikiza meli sita kutoka Kolombo hadi Mombasa. Ndani ya meli hizo walikuwamo askari wetu waliopigana Bama, yaani Burma, wengine wakirudi likizo, wengine majeruhi. Walikuwamo pia wauguzi, barua za miezi mingi na shehena za chai. Meli hizo hazikuwa na silaha za maana. Mtu angeweza kuzizamisha kama anavyopasua nazi.

Mwasaru alizipokea meli hizo kama alivyopokea mbuzi wa baba yake. Hakuzijua meli kwa majina yaliyoandikwa ubavuni, kwa kuwa hakujua kusoma. Alizipa majina ya kwake. Palikuwa na Pembe Moja, Madoa, Kitambi, Mweusi na Bibi Arusi iliyopakwa rangi mpya. Ya sita ilikuwa na mashine mbovu, ikijikokota nyuma ya wenzake, na yeye akaiita Kiguru. Hiyo ndiyo iliyobeba majeruhi.

Kila alipopanda zamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu kwa sauti. "Pembe Moja yupo. Madoa yupo. Kitambi yupo." Siku moja Bwana Haraka alimsikia.

"Wewe Mwasaru, kazi yako ni kutafuta adui. Mbona unahesabu meli zetu?"

"Adui nitamtafuta, bwana. Lakini nikiona mbuzi wangu amepungua, nitajua adui yuko wapi."

Bwana Haraka akacheka, akaenda zake.

Siku ya nne Bwana Mkubwa ilipokea habari kwa redio kwamba meli ya adui yenye mafuta imeonekana kusini. Ikageuza pua, ikatimua maji, ikapotea. Karisa alikuwa amesimama nyuma akipunga mkono na kuonyesha vidole vitano, maana yake wanaifuata pete ya tano. Kifaranga ikabaki peke yake na meli sita. Nahodha akawaambia watu wake wafumbue macho.

Kesho yake, saa nne asubuhi, bahari imetulia na jua linawaka, Mwasaru akaona kitu upande wa kulia. Mgongo mweusi juu ya maji. Akapiga kelele, kengele ikalia, watu wakakimbilia mizinga. Ilikuwa nyambizi, nzima, juu ya maji, mchana kweupe!

Bwana Haraka aliitazama kwa darubini. Akaamuru Kifaranga iende kwa nguvu zake zote. Mzinga ukapiga, kombora likaanguka kabla ya kufika. Wakapiga la pili, nalo likaanguka kabla ya kufika. Nyambizi haikupiga mbizi. Ilijivuta tu mbele, taratibu, ikibaki hatua chache nje ya uwezo wa mzinga wao. Wakaongeza mwendo, nayo ikaongeza. Mabaharia walikuwa wakishangilia. Hata serahangi Shekuwe, ambaye hakuwahi kuonekana akitabasamu, alikuwa ameshika reli akiimba kwa sauti ya chini.

Mwasaru juu ya mlingoti hakushangilia. Aligeuka nyuma akahesabu. Meli tano zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje za kunde, na ya sita, Kiguru, ilikuwa nyuma ya zote, peke yake, hakuna wa karibu. Kuacha mlingoti bila ruhusa wakati wa mapigano lilikuwa kosa kubwa, na yeye alilijua. Akashuka. Alishuka mbio mpaka viganja vikachubuka, akaingia mahali pa nahodha bila kupiga saluti.

"Bwana, tumefanywa watoto! Turudi!"

Ofisa msaidizi alitaka kumtoa nje. Bwana Haraka hakuondoa darubini machoni. "Unasema nini? Ile pale. Imeharibika, haiwezi kupiga mbizi."

"Kama imeharibika, mbona inakimbia vizuri hivi?"

Nahodha akashusha darubini.

"Bwana," akasema Mwasaru, akihema, "kwetu Sagalla fisi mwenye njaa hajionyeshi mchana. Akijionyesha, wako wawili. Huyu mmoja analia mbele yako, umfukuze. Unamfukuza, anakimbia kidogo, anakungoja, anakimbia tena. Wewe unajiona shujaa. Yule wa pili anapita vichakani nyuma yako. Mimi nilikuwa na miaka tisa nilipofanyiwa hivyo. Nilipoteza mbuzi watatu. Nilirudi nyumbani nikiringa kwamba nimemfukuza fisi mpaka kilima cha pili. Unajua baba aliniuliza nini? Hakuniuliza nimefukuza fisi wangapi. Aliniuliza, 'Mbuzi wako wapi?'"

Bwana Haraka alitazama mbele. Nyambizi ilikuwa pale, karibu kabisa, pete yake ya kwanza. Robo saa nyingine huenda angeipata. Kisha akatazama nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu kengele ilie akaona alivyokuwa ameuacha mbali msafara aliokabidhiwa. Mjomba alituambia kwamba rangi ilimtoka mtu yule usoni, hata madoadoa ya pua yakaonekana moja moja.

"Geuza meli," akasema.

Kifaranga ilipoinama kugeuka, mabaharia waliguna kwa uchungu kama wachezaji walionyimwa penalti. Lakini hawakumaliza kuguna. Ile nyambizi "iliyoharibika" nayo ikageuka, ikaanza kuwafuata na kuwapiga kwa mzinga wake mdogo, kana kwamba inawasihi, jamani, msiniache, njooni mnifukuze! Hapo hakubaki mtu asiyeelewa. Serahangi Shekuwe akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, "Kumbe kweli wako wawili! Tia makaa, wanangu, tia mafuta, tia chochote!"

Walikimbia nusu saa. Walipoikaribia Kiguru, Mwasaru, ambaye alikuwa amerudi juu ya mlingoti, akaona juu ya maji kitu kama mpini wa fagio kikikata mawimbi, na povu jembamba nyuma yake. Lilikuwa jicho la nyambizi ya pili, linatazama kutoka chini. Lilikuwa limekwisha kuielekea Kiguru ubavuni.

Sasa sikilizeni jinsi manowari ndogo inavyopigana. Kifaranga haikwenda kwanza kuiua ile nyambizi. Ilijitia katikati, kati ya fisi na mbuzi. Ikafungua moshi mzito mweusi kutoka bombani na mweupe kutoka kwenye mitungi ya moshi iliyokuwa nyuma, ikapita mbele ya Kiguru ikivuta pazia refu, mpaka majeruhi waliokuwa sitahani wakawa hawaonekani hata na wenzao. Yule wa chini akawa kipofu. Alirusha kombora lake hata hivyo, kwa kubahatisha. Mwasaru aliuona mstari mweupe wa mapovu ukija, akaita, na nahodha wa Kiguru akapinda usukani kwa nguvu zote za mashine yake mbovu. Mstari ule ukapita nyuma ya Kiguru, karibu kiasi kwamba askari mmoja alisema angeweza kuutemea mate.

Kisha yakaanza mapipa. Kifaranga ilizunguka juu ya mahali pale, ikitupa pipa baada ya pipa, bahari inafura na kupasuka kama chungu kilichochemka kupita kiasi. Nyambizi ikienda chini ya maji huenda polepole na haioni mbali. Ikitaka kasi, ipande juu, na juu ilikuwapo Kifaranga. Kwa saa nne mfululizo kila ilipojaribu kuinua jicho ilipigwa, na kila ilipoinamisha kichwa, meli sita zilikuwa zimesogea mbele kidogo. Ile ya kwanza nayo, kuona mzaha umeisha, ilipiga mbizi ikaenda zake. Haikuzamishwa hata moja. Ziliachwa nyuma tu, zikiwa na njaa.

Moshi ulipotawanyika, majeruhi wa Kiguru walikuwa bado wako sitahani. Waliokuwa na mikono walichukua sahani za bati na vijiko wakaanza kupiga ngoma. Waliokuwa na miguu wakacheza. Asiye na mikono wala miguu aliimba. Wimbo wao ulifika Kifaranga juu ya maji, na mabaharia wakaitikia, wengine wakilia, wengine wakicheka.

Bwana Haraka alitoka nje, uso mweusi kwa masizi, akaita juu ya mlingoti.

"Mwasaru! Wangapi?"

"Pembe Moja yupo, bwana! Madoa yupo, Kitambi yupo, Mweusi yupo, Bibi Arusi yupo ila amechafuka." Akaelekeza mkono nyuma. "Na Kiguru yupo!"

Nahodha akavua kofia akajipepea. Halafu akakumbuka sheria, akaandika kwamba mwangalizi Mwasaru aliacha zamu bila ruhusa wakati wa mapigano, adhabu yake siku mbili za kumenya viazi jikoni. Siku zote mbili jioni alishuka jikoni yeye mwenyewe, akaketi juu ya gunia, akachukua kisu, wakamenya pamoja. Mjomba alisema mtu yule alikuwa na haraka hata kwa viazi, alitupa nusu ya kiazi pamoja na maganda.

Basi wakafika Kilindini. Bwana Mkubwa ilikuwa imetangulia, imetia nanga gatini, na bombani pete ya tano mbichi, rangi bado inachuruzika. Walikuwa wameipata ile meli ya mafuta. Watu wa mjini waliokuja kupokea ndugu zao waliishangilia manowari kubwa, na haki yake ilikuwa ile. Kifaranga iliposogea, bomba lake tupu, Karisa Dzombo alikuwa tayari amesimama gatini mikono kiunoni.

"Enyi vifaranga! Tumesikia mlikutana na nyambizi mbili. Hongera! Mmeua ngapi?"

"Hatujaua," akajibu Mwasaru kutoka sitahani.

"Nyambizi mbili, mapipa yote mmemaliza, na hamkuua hata moja?" Karisa akageukia umati. "Jamani, hawa walikwenda kuzipigia hodi!"

Watu wakacheka. Bwana Haraka alikuwa amesimama karibu, akasikia. Mwasaru akashuka ngazi mpaka mbele ya Karisa. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Kaka," akamwambia, "mchunga hahesabu fisi, huhesabu mbuzi. Geuka uhesabu."

Nyuma ya Karisa meli sita zilikuwa zimeanza kuteremsha watu. Walishuka kwa mamia. Kina mama waliokuja na mashada ya maua ya asumini waliyatupa shingoni mwa wana wao na hata mwa wana wa wengine. Mzee mmoja alimshika kijana wake masikio yote mawili akamtazama, akayaachia, akayashika tena. Karisa akageuka, kicheko bado kiko mdomoni. Na katika wale waliokuwa wakitoka Kiguru, akitembelea gongo, mguu mmoja umefungwa bandeji, alikuwako kijana mrefu wa Kaloleni aitwaye Ngala Dzombo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye habari zake za mwisho zilikuwa kwamba yuko hospitali ya Bama na haijulikani kama atapona.

Karisa, mtu asiyejua kunyamaza, alinyamaza. Alitembea, kisha akakimbia, akambeba ndugu yake mgongoni pamoja na gongo lake, akapita naye kati ya watu mpaka chini ya ngazi ya Kifaranga. Hapo sauti ikamrudia.

"Huyu mmoja!" akaita, machozi yanamtiririka. "Nimeanza kuhesabu, ndugu zangu! Huyu ni mmoja!"

Serahangi Shekuwe akampokea Ngala, akamkalisha juu ya sanduku la baruti lililokuwa tupu, akamwitia chai. Na Bwana Haraka, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, alimwomba Mwasaru ayarudie maneno yale polepole, neno kwa neno, ayaandike. Alisema hiyo ndiyo taarifa yake yote ya safari, na hana cha kuongeza.

Karisa ndiye aliyeyaeneza. Kila bandari aliyofika aliyasema, na kwa kuwa hakujua kunyamaza, hayakuchukua muda kufika bara. Wachungaji wakayapokea wakadhani ni yao tangu zamani. Walimu wakayachukua, na madaktari, na walinda lango.

Ndiyo maana leo yamesemwa mbele ya Saru. Kwa miaka thelathini na minne homa zilikuja, damu zilimwagika, mvua zilikata barabara, na hakuna aliyemwuliza Saru amepigana na maradhi mangapi. Mgeni wa heshima aliwaomba tu waliozaliwa mikononi mwa Saru wasimame. Mliona nusu ya uwanja ilivyosimama, na nyinyi wote watatu mkiwamo.

Mchunga hahesabu fisi, wajukuu zangu. Huhesabu mbuzi.